Essex, London, Middlesex au Redbridge: kaunti ipi uiandike wapi

Binamu yangu alinipigia simu saa tano usiku, kakwama kwenye kisanduku kimoja cha fomu. Jina kajaza, tarehe ya kuzaliwa kajaza, nambari ya nyumba na mtaa kajaza. Kimebaki kisanduku cha kaunti, na kando yake kinyota chekundu, maana yake ukikiacha wazi fomu haisongi.

"Dada, hapa niandike nini? Mkataba wa nyumba unasema Ilford, Essex. Bili ya kodi ya kaunsili inasema London Borough of Redbridge. Ramani ya simu inasema Greater London. Hasa hasa mimi naishi wapi?"

Nikamwambia, kote huko. Akanyamaza, nikajua kaudhika. Alidhani namfanyia mzaha saa za kulala.

Haukuwa mzaha. Sisi tuliotoka Kenya tunaponzwa na neno lenyewe. Kwetu kaunti ni kitu kimoja tu: tangu Katiba ya 2010 na uchaguzi wa Machi 2013 kuna kaunti 47, kila moja na gavana wake, bunge lake, bajeti yake na mpaka wake. Mwambie mtu wa Malindi kwamba yuko kaunti nne kwa mpigo, atakuuliza umekula nini. England neno hilohilo limebeba mambo manne yaliyorundikana mwaka hadi mwaka, jipya likija bila kulifuta la zamani. Kuna kaunti ya kale, iliyodumu karne kwa karne. Kuna kaunti ya posta. Kuna kaunti ya sherehe, yenye mwakilishi wa Mfalme aitwaye Lord Lieutenant. Na kuna eneo la halmashauri, yaani kaunsili, wale wanaokuletea bili ya kodi. Mipaka yake haifuatani.

Tena kuna kaunti ambazo hazina serikali hata chembe. Berkshire ipo kwenye ramani, watu wake wanajiita wa Berkshire, lakini halmashauri ya kaunti hiyo ilivunjwa 1998 na kazi zake zikagawiwa halmashauri sita. Hakuna ofisi ya Berkshire utakayoiendea kulalamika kwamba barabara ina mashimo.

Jumba moja, majibu manne

Ukitaka kuona mkanganyiko huu kwa macho, nenda Hampton Court, lile jumba la Mfalme Henry wa Nane ambalo kila mgeni hupelekwa kutembezwa. Liko ukingo wa kaskazini wa mto Thames. Kwa hesabu ya kale hapo ni Middlesex, maana mto ndio uliokuwa mpaka wa Middlesex na Surrey. Kwa hesabu ya posta hapo ni East Molesey, Surrey, msimbo wa posta KT8 9AU, kwa kuwa barua zake huhesabiwa pamoja na za mji wa ng'ambo ya daraja. Kwa hesabu ya sherehe ni Greater London. Na anayesimamia taka na shule za upande huo ni halmashauri ya Richmond upon Thames. Sasa vuka daraja kwa miguu, hata kahawa uliyoishika haijapoa, umeingia East Molesey yenyewe: Surrey ya kweli, chini ya halmashauri ya Elmbridge. Ng'ambo zote mbili zinaandika mji mmoja wa posta, yaani mji ambao barua huhesabiwa chini yake.

Nimeweka mifano saba hapa chini, mingine ni sehemu ambazo Waafrika Mashariki wengi wanaishi.

| Mahali | Kaunti ya kale | Kaunti ya posta hadi 1996 | Kaunti ya sherehe | Halmashauri |
|---|---|---|---|---|
| Hampton Court | Middlesex | Surrey | Greater London | Richmond upon Thames |
| Ilford | Essex | Essex | Greater London | Redbridge |
| Wembley | Middlesex | Middlesex | Greater London | Brent |
| Staines | Middlesex | Middlesex | Surrey | Spelthorne, na juu yake Surrey |
| Gillingham (ME7) | Kent | Kent | Kent | Medway |
| Stockport | Cheshire | Cheshire | Greater Manchester | Stockport |
| Slough | Buckinghamshire | Berkshire | Berkshire | Slough |

Utazame mstari wa Gillingham. Safu tatu zinasema Kent, utadhani hapo hamna utata. Kumbe tangu 1998 huduma zote za halmashauri ziko chini ya Medway, na ukiipigia simu halmashauri ya kaunti ya Kent kuhusu nafasi ya shule watakuelekeza kwingine. Ndiyo sababu swali la "kaunti ipi ni sahihi?" halina jibu. Lenye jibu ni hili: fomu iliyoko mbele yako inataka kufanya nini na anwani yako?

Kama ni barua au kifurushi

Hapa uamuzi ni mwepesi kuliko kwingine kote: usiandike kaunti. Royal Mail, yaani Posta ya Uingereza, waliacha kuidai mwaka 1996. Wanachotaka ni nambari ya nyumba na mtaa, mji wa posta kwa herufi kubwa, na msimbo wa posta kwenye mstari wa mwisho. Barua ikitoka nje, jina la nchi lifuate chini yake. Basi.

Msimbo ndio unaofanya kazi. Ulijaribiwa kwanza Norwich mwaka 1959, ukasambazwa polepole, na kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa nao. Msimbo mmoja hukusanya kama nyumba kumi na tano kwa wastani, kwa hiyo msimbo pamoja na nambari ya mlango vinatosha kukupata, hata kama mistari mingine imeloa mvua. Herufi za mwanzo zinataja eneo la posta tu: IG ni Ilford, HA ni Harrow, RM ni Romford, TW ni Twickenham. Hazitaji kaunti, na wala hazina habari na halmashauri.

Mkenya hapaswi kuona hili geni. Barua ya kwenda nyumbani tunaandika S.L.P., nambari ya sanduku, kistari, 80100 Mombasa. Nani amewahi kuandika "Kaunti ya Mombasa" chini yake? Na anayeandikia Malindi anaandika 80200 Malindi, hajishughulishi na Kilifi. Tufikapo huku ndipo tunaanza kurundika mistari, kwa hofu kwamba anwani fupi haitafika.

Kwa nini basi mkataba wa binamu yangu unasema Essex? Kwa sababu Posta ya Uingereza ilikuwa na kaunti zake, na hazikwenda sambamba na za serikali. Mwaka 1965 London ilipanuliwa. Ilford, Romford na Barking zikatoka Essex. Croydon na Kingston zikatoka Surrey. Bromley ikatoka Kent. Middlesex ikapoteza halmashauri yake kabisa. Posta wakaangalia gharama ya kubadilisha anwani zote hizo, wakaona bora waache zilivyo. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na ushei watu wa Harrow na Wembley waliendelea kupokea barua za Middlesex, kaunti isiyokuwa na ofisi, na kwenye ramani ya posta ilikuwa vipande viwili visivyogusana: Enfield upande mmoja, Harrow na wenzake upande wa pili, katikati London. Wahindi waliotoka Kenya na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1972 waliohamia Wembley walijifunza anwani zao hivyo, na wengi mpaka leo hawajaacha. Siwalaumu.

Mwaka 1974 serikali ikapanga upya tena, safari hii nchi nzima. Posta wakafuata sehemu kubwa, wakakataa sehemu. Greater Manchester waliikwepa kwa kuogopa ichanganywe na mji wa posta wa Manchester, ndiyo maana Stockport ikabaki Cheshire na Bolton ikabaki Lancashire kwenye bahasha. Humberside wakaipasua mbili, kaskazini na kusini mwa mto Humber. Ndipo 1996 wakachoka, wakasema msimbo unatosha.

Kuna hali moja tu ambapo ningekushauri uandike kaunti kwenye bahasha: pale ambapo miji miwili ina jina moja na msimbo huna, au huuamini. Kuna Ashford ya Kent na kuna Ashford ya karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, iliyokuwa ikiandikwa Middlesex. Kuna Gillingham ya Kent na Gillingham ya Dorset, na hata matamshi yake ni tofauti: ya Kent huanza kwa sauti ya j, ya Dorset kwa g. Kuna Richmond ya London na Richmond ya North Yorkshire. Hapo neno moja la ziada linaweza kuokoa kifurushi cha bibi.

London isiyo London

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Jina "London" kwenye anwani ni mji wa posta, si mpaka wa jiji. Halmashauri ya Redbridge ina mitaa ya Wanstead yenye msimbo wa E11 na South Woodford yenye E18. Hao huandika LONDON. Binamu yangu wa IG1 huandika ILFORD. Kodi wanalipa sehemu moja, taka zao huzolewa na gari moja, diwani wao wote wanaketi ukumbi mmoja. Kumbe kuna kijiji kinachoitwa Sewardstone, msimbo wake E4, kinaandika London kwenye bahasha, na kiko Essex, nje kabisa ya mpaka wa Greater London. Ni mahali pekee pa aina hiyo.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi si wa London, mimi naishi Romford, Essex", mwache na fahari yake, lakini usimfuate kwenye fomu ya gari. Romford iko halmashauri ya Havering, ndani ya Greater London. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 tozo ya hewa chafu, ile ULEZ, inahusu halmashauri zote za London. Gari kuukuu lisilokidhi viwango hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea, na kamera hazisomi kama bahasha yako inasema Essex.

Vivyo hivyo kwa kura. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwemo, wenye ruhusa ya kuishi Uingereza, wanaweza kujiandikisha kupiga kura. Wengi hawajui. Ukiishi Romford unamchagua meya wa London, hata kama tangu ufike hujawahi kuandika neno London kwenye anwani yako.

Kama ni shule, nyumba, taka au kodi

Hapa achana na kaunti ya posta, achana na ya kale, achana na ya sherehe. Unachotafuta ni halmashauri, na njia ni moja: ingia tovuti ya serikali ya GOV.UK, sehemu ya kutafuta halmashauri yako, weka msimbo wako wa posta. Au tazama kichwa cha bili ya kodi. Usimuulize jirani. Mimi niliwahi kumuuliza.

Nilikuwa nimehamia chumba kimoja Hainault. Anwani ilisema Manford Way, Chigwell, IG7. Nikasema, Chigwell ni Essex, hilo linajulikana. Jirani mwenyewe akathibitisha, yeye kapokea barua za Chigwell, Essex miaka ishirini. Nikajaza maombi ya shule ya mwanangu kwa halmashauri ya kaunti ya Essex. Baada ya wiki kadhaa yakarudi na maelezo ya adabu: mtaa huo uko Redbridge, peleka maombi huko. Kumbe mji wa posta wa Chigwell umekatwa na mpaka. Sehemu kubwa iko wilaya ya Epping Forest, Essex kweli. Lakini upande wetu wa Hainault, wenye misimbo ya IG7 4, uko halmashauri ya Redbridge, Greater London. Mji uleule wa posta, herufi zilezile za mwanzo, serikali mbili. Bahati nzuri siku ya mwisho ilikuwa bado haijapita. England maombi ya sekondari hufungwa tarehe 31 Oktoba na ya shule ya msingi tarehe 15 Januari, na huombwa kwa halmashauri ya pale unapolala, hata kama shule unayoitaka iko ng'ambo ya mpaka. Ukichelewa, unapangwa baada ya waliowahi.

Ukiwa upande wa Essex kweli kuna kero nyingine: serikali za mitaa huko zina ngazi mbili. Shule, barabara na huduma za wazee ni za halmashauri ya kaunti. Taka, nyumba na ukusanyaji wa kodi ni za wilaya, Epping Forest kwa mfano wetu. Bili ni moja ila fedha zinagawanywa. Kwa hiyo mtu wa Chigwell akijibu swali la "halmashauri yako ni ipi?" inabidi kwanza aulize, kwa jambo gani? Greater London hakuna ngazi hizo. Redbridge, Brent au Newham hushughulikia shule na taka pamoja. Desemba 2024 serikali ilitangaza nia ya kuziondoa ngazi mbili kote England, kwa hiyo majina haya yataendelea kubadilika.

Na yamekuwa yakibadilika kila kukicha. Northamptonshire iligawanywa mwaka 2021 kuwa halmashauri mbili, Kaskazini na Magharibi. Halmashauri ya kaunti ya Cumbria ilivunjwa Aprili 2023, zikaja Cumberland, na Westmorland and Furness. Cumbria kama kaunti ya sherehe ingalipo. Mtu wa Kendal aliyelala usiku wa Machi 31 aliamka yuko halmashauri mpya, na msimbo wake wa posta haukubadilika hata herufi. Ndiyo maana nasema: andika msimbo, halafu acha tovuti ikutajie jina la sasa. Jina ulilokariri kwa mwenzako huenda lilishazikwa.

Kama ni cheti au historia ya ukoo

Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa au cha kifo hunakiliwa kama kilivyoandikwa. Mumeo akiwa amezaliwa Wembley mwaka 1958 na cheti kinasema Middlesex, basi kwenye fomu inayouliza mahali alipozaliwa andika kama cheti. Usimsahihishie kwa kuandika Greater London; hiyo haikuwapo alipozaliwa, na karani anayelinganisha karatasi mbili ataona tofauti pasipo na tofauti. Uandikishaji wa serikali England na Wales ulianza Julai 1837, na anayetafuta watu wa zamani hana budi kuzijua zile kaunti 39 za kale za England, kwa sababu ndimo kumbukumbu zilimopangwa.

Nje ya hapo kaunti ya kale ni jambo la moyo. Wapo watu wa Saddleworth ambao tangu 1974 wako halmashauri ya Oldham, Greater Manchester, na ukiwaambia si watu wa Yorkshire utaharibu karamu. Huntingdonshire, iliyokuwa kaunti, sasa ni wilaya ndani ya Cambridgeshire. Rutland ilifutwa 1974 ikarudi 1997, ushindi mtamu kwa kaunti ndogo kiasi hicho. Na Surrey, iliyoipoteza Kingston mwaka 1965, iliendelea kuwa na makao yake makuu hapohapo Kingston mpaka 2021 ilipohamia Reigate: halmashauri iliyokaa zaidi ya miaka hamsini nje ya mipaka yake yenyewe. Nikisoma mambo kama haya huwa nakumbuka tunavyolaumiwa sisi kwamba mipaka yetu haina mpangilio.

Kaunti ya sherehe

Sina mengi ya kusema hapa. Ziko 48 England, zimeorodheshwa kwenye sheria ya 1997, na kazi yake rasmi ni kuonyesha Lord Lieutenant yupi anampokea Mfalme wapi. Kwa mtu wa kawaida faida yake ni kwamba ndiyo inayokaribiana zaidi na ramani iliyo kichwani mwa watu wa leo. Ukiulizwa kwenye mazungumzo "uko kaunti gani?", jibu hili halitakuletea ubishi mkubwa, ila kwa mtu wa Saddleworth.

Fomu inapokulazimisha

Turudi kwa binamu na kinyota chake chekundu. Fomu nyingi za benki, bima na maduka ya mtandaoni zimerithi kisanduku cha kaunti kutoka zama za kabla ya 1996, na anayeziunda hajui kwamba Posta wenyewe wameshakisamehe. Nyingine zina orodha ya kuchagua. Nimekutana na orodha yenye Avon, iliyofutwa 1996, na isiyokuwa na Greater London kabisa. Ufanyeje?

Kwanza, tafuta kama fomu ina sehemu ya kuweka msimbo ikakuletea anwani yenyewe. Ikiwepo, itumie, na ukubali itakachokuletea hata kama hukipendi. Kilichotoka kwenye orodha ya Posta kitalingana na cha wengine wanaotumia orodha hiyo hiyo.

Ikiwa lazima uandike kwa mkono na hakuna orodha, rudia mji wa posta. "Ilford" kwenye kisanduku cha mji, "Ilford" tena kwenye cha kaunti. Inaonekana kichekesho ila haijawahi kunirudishia barua.

Ikiwa kuna orodha na unaishi viunga vya London, mimi huchagua Greater London, au London ikiwa ndiyo iliyopo. Essex, Surrey, Kent na Middlesex nazichagua pale tu zile mbili zisipokuwepo. Wapo watakaokuambia uchague ya zamani kwa kuwa mwenye nyumba kaiandika hivyo. Sikubaliani nao: mkataba ni wake, rekodi ni zako.

Lakini kwa benki na kampuni za mikopo kuna jambo linalozidi usahihi, nalo ni kufanana. Kampuni moja ya bima ilinirudishia maombi mara mbili, nikashinda mchana kutwa nikibadilisha Essex kuwa London na London kuwa Essex. Tatizo halikuwa hapo. Benki ilikuwa imeniandika "Flat 2, 31", bili ya umeme ikasema "31B", na daftari la wapiga kura likasema "First Floor Flat, 31". Watu watatu, kwa macho ya kompyuta. Nilipozifananisha zote tatu mambo yakapita siku hiyohiyo, na kaunti waliyonayo mpaka leo sijui ni ipi. Kwa hiyo kabla hujaumiza kichwa juu ya kaunti, kagua jinsi nambari ya fleti yako ilivyoandikwa kila mahali.

Walioko Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wana hadithi zao: Wales ina halmashauri 22 na Scotland 32, zote za mwaka 1996, na Ireland ya Kaskazini ina 11 za 2015 juu ya zile kaunti sita za kale. La kukumbuka tu ni kwamba herufi za msimbo huvuka hata mpaka wa nchi. SY ni ya Shrewsbury, England, ila Aberystwyth iliyo pwani ya Wales ni SY23. TD ni ya kusini mwa Scotland, na mji wa Berwick-upon-Tweed wenye TD15 uko England. Dawa za daktari ni bure Wales na Scotland, England wapo wanaolipia, kwa hiyo usidhani msimbo wako unakuambia uko nchi gani.

Binamu alichagua Greater London. Fomu ikapita. Siku ya tatu yake barua ikaja, kwenye bahasha imeandikwa Ilford, Essex.